Safari ya Kwenda Kushuka Gulwe

Baba yangu hakuwahi kumpita mtu mzima njiani akiwa juu ya baiskeli. Alishuka. Hata kama ameshaupata mwendo kwenye mteremko, hata kama jua la saa saba linachoma na mzigo wa nyuma unamvuta, akiona mzee au bibi anakuja mbele, breki, miguu chini, kofia mkononi, baiskeli kaiegemeza kiunoni: shikamoo. Akishaitikiwa ndipo zinaanza sasa. Za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za yule aliyekuwa anaumwa mgongo mwaka juzi. Na mimi wakati huo niko mbele kwenye mtalimbo, nimekalia kanga iliyokunjwa ili chuma kisiniumize, nakaushwa na jua kama mlenda kwenye ungo.

Kwetu Ugogoni wengi walilelewa hivyo, lakini baba, jamani, alizidisha. Siku moja nikamwuliza kwa nini asipige kengele tu na kuinua mkono kama watu wenye haraka zao. Akaniinamia sikioni. "Unamsalimia mtu mzima huku unamtazama utosini, wewe kunguru?" Sikuuliza tena.

Safari zenyewe zilikuwa za kwenda Gulwe kwa shangazi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora, na mavuno yakiisha alirudi nyumbani Kikuyu na tenga limejaa zabibu, limetandikwa nailoni ndani na kufunikwa majani ya mzabibu. Alilifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akanipakia mimi mbele, tukaondoka alfajiri. Kwa kuwa aliona aibu kumsalimia mkubwa mikono mitupu wakati tenga liko nyuma yake, kila shikamoo ilitoka na kishada. Kikombo kishada, Igandu kishada, Msagali vishada sijui vingapi. Tukifika Gulwe zilikuwa zimebaki zabibu za chini kabisa, zimepondeka, zinaogelea kwenye maji yake. Shangazi alifunua majani, akachungulia, akamtazama baba. "Kuna mtu yeyote huko njiani ambaye hajala?" Kisha akachukua kikombe na kuanza kuchota yale maji, tukanywa wote watatu, nyuki wakituzunguka. Sijanywa kitu kitamu kama kile mpaka leo, na nimeshakunywa soda za harusi za kutosha.

Shangazi alikuwa dada yake baba wa pekee. Mama yao alifariki baba akiwa bado ananyonya, na shangazi, aliyekuwa msichana tu mwenyewe, ndiye aliyembeba mgongoni na kuzunguka kwa majirani kumwombea maziwa. Kwa hiyo baba aliposema "dada", lilikuwa neno zito. Alishuka kwenye baiskeli mbele yake kwa heshima kuliko alivyoshuka mbele ya mtu mwingine yeyote. Akiingia uani alipiga kengele, akashuka hatua chache kutoka pale shangazi alipokalia kigoda chake, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Shangazi hakuinuka. Mkubwa anangoja pale pale alipo. Alimwacha kidogo, halafu akaitikia marahaba ndefu isiyo na haraka, na hapo ndipo mimi nilijua tumefika.

Halafu likaja lile la gari.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshapata kazi nzuri na kununua gari, na mume wa shangazi alipofariki, kaka akasema baba haendi msibani kwa baiskeli kama mtu asiye na watoto. Basi wakaenda kwa gari. Wazee waliokuwa wakitembea kando ya njia walifunikwa vumbi, baba yuko nyuma ya kioo anainua mkono, hakuna anayemwona. Walipofika, kaka kwa wema wake akaliingiza gari mpaka mlangoni kabisa ili mzee asitembee. Baba akaanza kuhangaika na kitasa. Magoti yamekaza, mlango haufunguki, kaka anazunguka kuja kumfungulia. Kabla hajafika, shangazi, mfiwa, akainuka kwenye mkeka, akaja, akainama kwenye dirisha na kumwambia, "Pole na safari, mdogo wangu."

Ukimsimulia mtu wa mjini atakuuliza sasa tatizo liko wapi. Baba aliugua. Alirudi Kikuyu akakaa siku nyingi hajichanganyi na watu. Nilipompelekea uji ndipo akasema, "Dada ameniinamia nimekaa. Tena amefiwa." Nikamwambia shangazi wala hakujali. "Mimi ninajali," akasema, na uji ukapoa.

Mwaka uliofuata, upepo wa Agosti umeanza, baba akatangaza kwamba anakwenda Gulwe kwa baiskeli. Anataka kushuka mbele ya dada yake kabla mmoja wao hajaondoka duniani. Basi, hataki kingine.

Kaka alikuja mbio. "Baba, kuna basi. Kuna treni. Kuna gari langu lipo nje hapo."

"Treni inashuka mbele ya nani?" baba akauliza.

Kaka akanigeukia mimi, akanipigia meza eti mimi ndiye ninayemdekeza. Mimi! Mimi fundi cherehani, nakaa kwenye kiti kutwa nzima, baiskeli yangu inajua njia ya sokoni tu. Lakini nina kasoro moja, sipigiwi meza. Nikasema kwa hasira, "Ataenda, na nitaenda naye," na nilipotulia nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. 

Baiskeli yangu ilikuwa ya kike, ya mtumba, ina kikapu mbele, na madigadi ya nyuma, lile bati la kukinga matope, ilikuwa imelegea inagonga kwenye chuma muda wote, ka-ka-ka-ka. Nikataka kuipeleka kwa fundi.

"Acha ilie," baba akasema.

"Itanitia wazimu kabla ya Ihumwa."

"Acha ilie, mama." Alikuwa ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Na utangulie wewe."

Nikashangaa kidogo, maana zamani zote yeye ndiye aliyetangulia na kuchagua njia. Nikadhani ananichunga nisiachwe nyuma. Ningejuaje?

Tukaagiza tenga la zabibu kwa watu aliofanya nao kazi Makutupora, akalifunga mwenyewe kwa tyubu, akawa anapapasa mafundo kwa vidole, tukaondoka.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo siku ile ya kwanza. Mapaja yanawaka, upepo unanipiga ubavuni, madigadi inanipigia kelele, lakini nilikuwa naimba. Ihumwa sikuitambua. Ni majengo na malori na barabara za lami pande zote, mahali ambapo nikiwa mtoto nilifumba macho kwa kuogopa fisi. Tulipoiacha lami na kushika njia ya kandokando ya reli ya zamani, nchi yetu ikarudi: mbuga kavu, miiba, vichuguu vyekundu, mtu mmoja mmoja anaonekana kwa mbali na vumbi lake. Treni ya umeme ikapita upande wa pili, shwaa, na kupotea kabla sijageuza shingo.

"Hata salamu," baba akasema.

Alishuka kwa kila mtu siku ile. Kila mtu! Nilikuwa nasikia nyuma yangu breki, nasimama, namkuta ameshavua kofia. Nikafikiri, sawa, ni miaka mingi hajapita njia hii kwa miguu yake, acha ashibe. Vishada vikaanza kutoka. Usiku tulilala Kikombo kwa watu wanaomfahamu tangu ujana, wakatupa ugali wa uwele na mlenda, na wenyeji walipomsifu kwamba adabu yake haijazeeka, nilijiona nimelelewa na mfalme.

Siku ya pili, tumeipita Igandu, nikasikia breki. Nikageuka. Baba amesimama, kofia kifuani, ameinama mbele ya kichuguu.

"Shikamoo," akakiambia kichuguu.

Nikacheka mpaka nikashikilia usukani kwa mikono yote miwili. Baba alikuwa mtu wa mizaha, na nilidhani amenifanyia mmoja wa ile yetu ya zamani. Naye akacheka, akavaa kofia, akapanda. Lakini alicheka akichelewa kidogo, baada ya kunisikia mimi. Nikaliona hilo.

Mbele kidogo akatokea msichana wa shule na ndoo ya maji kichwani. Mtoto kabisa, soksi zimeshuka. Nikampita nikamwambia hujambo. Nyuma yangu, breki.

"Shikamoo, mama," baba akamwambia, kichwa kimeinama.

Yule mtoto aliduwaa. Mzee wa mvi anampa shikamoo! Akanitazama mimi kama mtu anayeomba msaada, kisha akapiga magoti papo hapo na ndoo yake, maji yakamwagikia mabegani. "Babu, mimi? Shikamoo wewe, babu!" Nikamwinua, nikampa kishada cha zabibu, akaondoka akigeuka geuka.

Nikailaza baiskeli yangu chini. "Baba, mbele yako kuna nini?"

"Pori."

"Kuna nini kwenye pori?"

 Akaitafuta stendi kwa mguu, akaisimamisha baiskeli, akakaa chini polepole kwenye ukingo wa njia.

"Naona mwanga," akasema. "Naona kitu kimesimama. Kama ni mtu au mti sijui. Kwa hiyo nashuka. Heri nikivulie kofia kichuguu kuliko kumpita mzee wa watu."

Alikuwa ameshakwenda hospitali peke yake, wakamwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, wakasema kilichopotea hakirudi. Hakumwambia mtu. Alijua kaka akisikia tu, baiskeli itafungiwa stoo siku hiyo hiyo.

"Umefikaje mpaka hapa?" nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

"Madigadi yako," akasema.

Haki ya Mungu nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi katikati ya mbuga, kwamba angetumbukia korongoni, kwamba malori ya Ihumwa yangemsaga nikiwa mbele naimba kama mwehu, kwamba ningemwambia nini kaka, ningemwambia nini shangazi.  Kisha nikalia, na yeye akangoja nimalize. Nikatoa simu nimpigie kaka aje atuchukue.

"Mpigie," baba akasema. "Aje na gari. Nitafika kwa dada nimekaa, kama siku ya msiba."

Simu ilikuwa mkononi, namba ya kaka iko pale. Nikamtazama. Vumbi limemjaa kwenye nyusi, tenga limeinama upande, kofia yake kaishika kwa mikono miwili kama vile anamsalimia mtu. Nikaiweka simu kwenye kikapu.

Kuanzia pale hatukupanda tena. Tulitembea, kila mtu anasukuma baiskeli yake, mimi mbele madigadi inalia, yeye nyuma anaifuata. Kwenye mchanga wa makorongo nilivusha yangu kwanza, nikarudi kuishika yake, tukavuka tukihema. Tulilala Msagali, na kesho yake tukaendelea hivyo hivyo. Wale wenye pikipiki walitupita wakitushangaa, watu wawili wazima wana baiskeli nzima na hawazipandi.

Lakini nikuambie ukweli, ndiyo safari ninayoikumbuka kuliko zote. Akisikia hatua ananiuliza, "Nani anakuja?" Namwambia bibi mwenye mzigo wa kuni. Namwambia mzee na mbuzi zake, mmoja kilema. "Wa rangi gani?" Mweusi, ana doa jeupe shingoni. Anatabasamu. Nikajikuta na mimi nasimama, nauliza za nyumbani, za ng'ombe, za mgongo, na sina haraka. Nikiwa mtoto nilihesabu salamu zile kuwa adhabu. Sasa nilitamani njia iongezeke, maana nilijua hatutaipita tena.

Tukafika Gulwe jua limeanza kulegea. Kwenye uzio wa minyaa wa shangazi, baba akasimama.

"Dada yupo?"

Nikachungulia. Alikuwepo, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anapembua uwele kwenye ungo. Amekuwa mdogo, jamani, mabega yameingia ndani. Tulishasikia kwamba nyonga zimemwisha, hainuki ovyo, majirani ndio wanaomchotea maji. Upande wa kushoto kulikuwa na pipa la maji, na juu yake ameanika kanga nyekundu.

"Yupo," nikasema. "Mbele ya mlango."

"Nishikie nipande."

"Baba, ni hapo tu. Tuingie tukisukuma."

"Nitashukaje wakati niko chini?"

 Nikaishika baiskeli kwa nyuma, kwenye kiti, kama alivyonishikia mimi siku aliyonifundisha, akikimbia nyuma yangu na kuniambia nisiangalie chini. Akapandisha mguu kwa shida. Akanyoosha mgongo. Akairekebisha kofia.

"Moja kwa moja?" akauliza.

"Moja kwa moja."

"Niachie."

Nilimwachia. Mungu anajua jinsi ilivyoniuma kuufungua mkono ule. Akaenda, anayumba, anapiga kengele, na shangazi akainua uso kutoka kwenye ungo. Kwanza alikwenda sawa. Halafu ule wekundu wa kanga ukamvuta. Nikaona gurudumu linakata kushoto, kushoto zaidi. Breki. Miguu chini. Baiskeli akaiegemeza kiunoni, kofia akaivua, kichwa akakiinamisha mbele ya pipa.

"Shikamoo, dada."

Nilifungua mdomo nimwambie siyo hapo, baba. Shangazi akaniinulia kiganja: nyamaza.

Alimtazama mdogo wake muda mrefu. Nikaona anaelewa. Akauweka ungo chini bila kuugonga. Akaweka mikono juu ya magoti, akajisukuma, akashindwa, akajisukuma tena, akainuka. Akaja pekupeku, anajishika ukutani, uso umekunjamana kwa maumivu lakini mdomo kaubana usitoe sauti. Baba bado ameinama, anangoja, kama alivyongojeshwa siku zote. Shangazi akafika, akajipenyeza kati ya pipa na baiskeli, akaivuta ile kanga polepole na kujitupia mabegani. Akasubiri pumzi imrudie. Hapo ndipo akaitikia, ile ile ndefu ya zamani, isiyo na haraka.

"Marahaba, mdogo wangu."

Baba akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Akauliza za nyumbani, za mvua, za nyonga. Shangazi akajibu moja baada ya nyingine akiwa amesimama, ameshikilia ukingo wa pipa, miguu inatetemeka chini ya gauni. Nilitaka kumletea kigoda, akanikatalia kwa macho mpaka baba amalize. Kisha shangazi akapeleka mkono nyuma ya baiskeli, kwenye tenga, akapapasa, akatoa vidole vinavyochuruzika.

"Kuna mtu yeyote huko njiani ambaye hajala?"

Wote wawili hawapo sasa, baba alitangulia na dada yake akamfuata. Tuliporudi Kikuyu, tena kwa gari la kaka, na baiskeli mbili zimefungwa juu, baba hakugombana. Alimsimulia kaka njia nzima jinsi alivyoshuka mbele ya dada yake kiungwana, na dada akamwitikia. "Ila siku hizi hakai mlangoni," akamwambia. "Anakaa pale kwenye pipa."

Na ni kweli. Siku zote tulizokaa Gulwe, kila asubuhi kabla baba hajaamka, shangazi aliniambia nimhamishie kigoda chake pale kwenye pipa.